Sangala Kabla ya Ugali

Habari kwamba mimi ni meneja wa hoteli niliipata dukani Kasulu, nikinunua vitambaa vyeupe vya meza. Mwenye duka ni mzee wa Kiislamu ambaye tumenunua kwake tangu enzi za sare zangu za shule. Aliponiona alinivutia kiti, akaagiza niletewe soda baridi.

"Hongera sana, mwanangu," akasema. "Baba yako alipita hapa juzi juzi. Kaniambia hoteli nzima kule Kigoma iko mikononi mwako. Meneja! Mashaallah."

Nilikuwa na soda mdomoni, nikaimeza kwa shida. Niliitazama hiyo mikono yangu inayoshika hoteli nzima. Ilikuwa na makovu ya mafuta ya moto hadi kwenye viwiko, na kidole kimoja nilikuwa nimekifunga plasta baada ya kukutana na kisu. Mzee aliiona pia, lakini ni mtu wa adabu. Nikamshukuru, nikachukua vitambaa vyangu, nikatoka.

Nje kaka yangu alikuwa ananisubiri kwenye pikapu yake. Kwa kuwa baba hakuwepo, nilimfokea yeye. Akacheka.

"Kwani hukujua? Kibondo kote wewe ni meneja. Makere wanasema ulianza mapokezi, ukapandishwa cheo."

"Na wewe ulinyamaza?"

"Ningesemaje? Ningekushusha cheo?"

Kaka yangu hucheka hata msibani. Mimi nimezaliwa na moto, kila mtu kwetu anajua, na siku ile nilifura njia nzima kutoka Kasulu hadi nyumbani Makere. Lakini chini ya hasira kulikuwa na kitu kingine, nacho niseme tu bila kuzunguka: niliumia. Mtu akikutungia cheo ni kwamba kile ulicho nacho hakimtoshi.

Mimi ni mpishi. Baba ni mwalimu wa hesabu. Alifundisha Kibondo miaka mingi, akahamishiwa Makere, akajenga, akabaki. Watoto wa wakulima wa pande zile wamekuwa manesi, maafisa na mafundi kwa sababu ya chaki yake. Mimi, binti yake wa kwanza, alinipeleka chuo cha uhazili. Nilikaa muhula mmoja na nusu. Likizo niliombewa kibarua cha kumenya viazi katika jiko la hoteli moja pale Kigoma, na nilipoona mpishi mkuu anavyomgeuza samaki mmoja kana kwamba hana kazi nyingine duniani, sikurudi tena chuoni.

Baba hakunipiga wala hakunigombeza. Alisema mara moja tu, "Kupika hata bibi yako alipika, na hakuwa na cheti." Baada ya hapo hakuuliza tena. Nikipiga simu ataniuliza afya, ataniuliza mvua ya Kigoma, ataniuliza bei ya dagaa. Habari ya kazi haikuulizwa. Mama alikuwa akiniuliza kwa niaba ya wote wawili, akataka kujua kila chungu na kila mgeni, hadi alipofariki. Tangu hapo hakuna aliyeuliza.

Sasa baba alikuwa anastaafu, na tulikuwa tunamwandalia sherehe ya kuagwa nyumbani, mchana wa Jumamosi. Wageni kama sitini: walimu wenzake, afisa elimu wa kata, marafiki zake wa zamani kutoka Kibondo, majirani, ndugu. Tulikaa kikao, na shangazi yangu, dada yake baba, ndiye aliyekuwa mwenyekiti bila kuchaguliwa. Ugali wa muhogo, pilau, nyama ya mbuzi, maharage, soda, na pombe ya ndizi kwa wazee. Vyote vikagawiwa watu wa kuvipika.

"Mimi nitatoa stata," nikasema.

"Ndiyo nini hiyo?"

"Chakula kidogo cha kuanzia, shangazi. Kabla ya chakula."

Shangazi akanitazama kama mtu aliyeambiwa atavaa viatu kabla ya viatu. "Kwa hiyo tutakula, halafu ndipo tuje kula?"

Baba alikuwa pale kwenye kiti chake, na gazeti. Akasema bila kuinua macho, "Pilau na nyama vinatosha." Nikamjibu kwamba sijaomba ruhusa, ninatoa zawadi. Hapo aliinua macho. Sikuwa nimepanga kumwambia hivyo, ila mdomo wangu una miguu yake. Akafikiri kidogo akasema, "Haya," akarudi kwenye gazeti.

Nilikuwa na hesabu yangu kichwani. Nilitaka baba ale kitu ambacho nimekitengeneza kwa ujuzi wangu wote, mbele ya watu wanaomheshimu, na mdomo wake ukishajua, mdomo huo huo ukiri. Nilitaka aniite mpishi. Sikutaka kingine kwenye sherehe ile.

Alfajiri ya Jumamosi nilikuwa mwaloni Kigoma, mitumbwi ikishusha. Nilichagua sangala watatu wakubwa. Sangala mzuri hamhitaji mtu mwenye maneno mengi: jicho liwe limevimba na linang'aa, shavu la ndani liwe jekundu, na ukimbonyeza ubavuni, shimo la kidole lijifute lenyewe. Muuzaji alitaka kunichanganyia na mmoja wa jana. Nikamwambia huyo ampelekee mama mkwe wake. Akacheka, akanipa wa pili mwenye afya. Tuliwapanga kwenye deli lililojaa barafu, kaka akawasha pikapu, tukapanda milima. Tulipofika Kasulu baridi ilikuwa imetuingia hadi kwenye mifupa, na kwa mara ya kwanza nikaishukuru baridi ya kwetu, maana barafu ilikuwa bado haijaanza kulia.

Jiko la nyumbani liko nyuma ya nyumba, mabati juu, matofali pande tatu. Niliwasha majiko mawili ya mkaa, nikavaa aproni yangu nyeupe, nikaanza. Minofu niliitoa na ngozi yake, nikaikata vipande vya ukubwa wa kiberiti. Maharage ya njano, haya yetu ya Kasulu, nilikuwa nimeyachemsha hadi yakakubali kila kitu, nikayachuja kwenye chekecheke yakawa laini, nikayatia kitunguu saumu na mawese kidogo, ya rangi zaidi kuliko ya ladha. Tango na kitunguu chekundu nilivikatakata vidogo kama punje za mtama, nikavikamulia ndimu.

Halafu samaki. Watu wengi wa kwetu samaki humtumbukiza kwenye mafuta mengi hadi awe mkavu kama ukuni, na mimi nimekula hivyo na nikashukuru. Huyu ni mwingine. Kila kipande unakifuta maji kwa kitambaa safi, unakifuta tena, maana maji ndiyo adui. Chumvi unaitia dakika ya mwisho. Kikaango kizito, kiwe moto kiasi kwamba tone la maji likidondoka linakimbia. Mafuta kijiko kimoja tu. Unakilaza ngozi chini, unakikandamiza kidogo kisijikunje, halafu unaondoa mkono, na hapa ndipo wengi wanaposhindwa, kwa sababu mkono wa binadamu unapenda kugusagusa. Unakiacha. Dakika tatu kwenye ngozi, unageuza, dakika moja upande wa pili. Ngozi inakuwa ya dhahabu na inalia ukiigusa kwa uma, na ndani nyama inaachana yenyewe, nyeupe, bado ina maji yake.

Kwenye kila sahani niliweka kijiko cha maharage, kipande kimoja cha sangala ngozi juu, kachumbari pembeni, na jani la giligilani. Zilikuwa nzuri, nasema kweli. Mabinti wawili wa shangazi wakabeba sinia za kwanza, wakazipeleka meza tatu za mbele: meza ya baba, ya walimu, na ya wazee wa Kibondo. Mikono ilikuwa imeshanawishwa. Mimi nikabaki nyuma na kikaango, kama nilivyofundishwa hotelini kwamba mpishi haonekani.

Nikachungulia pembeni mwa ukuta.

Hakuna aliyekuwa anakula.

Mzee mmoja wa Kibondo alikiinua kipande chake kwa kidole, akatazama chini yake, labda kuna kingine. Mwingine alimwuliza binti wa shangazi, kwa sauti ya watu wasiosikia vizuri, "Na ugali unakuja lini?" Mwalimu mmoja wa kike alikuwa ameanza kukikunja chake kwenye tishu akakipeleke nyumbani kwa mtoto. Baba alikaa na shada lake la maua shingoni, mikono mapajani, anaitazama sahani kama swali lililoandikwa vibaya. Emsii akaona kuna kitu hakiendi, akachukua maiki. "Wageni waalikwa, chakula bado kinaendelea kuja, naomba tuvumiliane."

Tuvumiliane! Nilipandwa na hasira hadi masikio yakawaka. Chakula kilikuwa kimekuja, kilikuwa mbele yao, kinapoa. Ngozi ile ina maisha ya dakika chache, ikishapoa inalegea, basi tena. Nikaamini ni baba. Nikajua amewapa ishara, au ametulia tu makusudi, na wote wanamfuata yeye kwa sababu ni mkubwa wa siku. Nilikitupa kitambaa chini. Nilisema maneno ambayo sitayaandika.

Shangazi akaingia jikoni. "Mwana wanje," akaniita mwanangu kwa Kiha, "mbona unapigana na kitambaa?"

"Waambie wale! Kama hawataki warudishe, nitakula mwenyewe!"

"Watakulaje? Nani ameonja?"

"Nimeonja mimi, shangazi. Hapa. Mara kumi."

"Hapa nani kakuona?" Akavuta kigoda akaketi, bila haraka yoyote. "Mama yako alipoleta mtungi wa pombe kwa wageni, alifanya nini?"

Nilimwona mama palepale. Mtungi mikononi, anapiga goti, anavuta funda moja mbele ya macho ya watu wote, ndipo anamkabidhi mgeni mkubwa mrija. Nimeiona desturi hiyo tangu sijui kuhesabu. Sikuwahi kufikiri kwamba inamhusu samaki.

"Ugali tunaujua, nyama tunaijua, hizo haziulizwi," shangazi akasema. "Hiki tumekiona leo. Hakijakaushwa kama samaki wetu. Aliyekileta amejificha nyuma ya ukuta. Wewe ungekula?"

Kosa lilikuwa langu, na lilinichoma zaidi kwa kuwa mgeni wa Ulaya pale hotelini angelifanya kwa kutojua tu. Ni mtoto wa Makere tu anayeweza kusahau jambo la Makere namna ile.

"Basi nenda," shangazi akasema. Kisha akaniangalia kuanzia juu hadi chini, akashusha sauti. "Lakini hiyo aproni uivue."

Nikaelewa. Pale mbele alikaa afisa elimu, wakakaa wazee wa Kibondo, watu walioambiwa kuhusu meneja. Nikitokea na aproni yenye madoa ya mawese, baba ataonekana mwongo siku anayoagwa, mbele ya walimu aliowafundisha kusema kweli. Nilisimama na fundo la kamba ya aproni mkononi. Nilikuwa nimesubiri siku hii hii. Ningeweza kutoka vile vile nilivyo, na kila kitu kingejulikana bila mimi kusema neno.

Nilimtazama tena baba kule mezani. Suti ilikuwa imemzidi mabegani, amekonda tangu mama aondoke. Shada lilikuwa limekaa upande. Hasira yangu ikaisha, sijui ilikwenda wapi. Nikaivua aproni, nikaitundika kwenye msumari, nikapangusa uso.

Nilitoa vipande sita vya moto kutoka kwenye kikaango, nikavipanga kwenye sahani kubwa, nikaenda nayo mwenyewe. Nikapiga goti mbele ya meza ya baba. "Samahanini wazee wangu," nikasema. "Nimewachelewesha." Nikachukua kipande kimoja kwa vidole, nikakila mbele yao, ngozi ikasikika. Nikameza. Nikaisogeza sahani kwa baba.

Akachukua kimoja. Akakiweka chote mdomoni, kama mtu anayemeza dawa. Akaanza kutafuna haraka, kisha akapunguza, kisha akafumba macho. Mimi bado niko kwenye goti. Alipofumbua macho hakunisifu.

"Huyu amekaa motoni dakika ngapi?"

"Tatu upande wa ngozi, baba. Moja upande wa pili."

"Kwa nini tatu na moja? Kwa nini si mbili na mbili?"

"Ngozi ndiyo inayopokea moto. Inaipitishia nyama polepole. Ukiipa nyama mbili, itakauka."

"Kwa hiyo jumla ni ile ile, lakini mgawanyo ndio jibu."

"Ndiyo, baba."

Akatikisa kichwa taratibu kukubali, kama anavyofanya mwanafunzi akimwonyesha njia ambayo yeye hakuifikiria. Akachukua cha pili. Hapo wazee wa Kibondo nao wakanyoosha mikono, na walimu wakageukia sahani zao, hata zile zilizopoa. Yule mwalimu wa kike akafungua tishu.

Afisa elimu alijilamba kidole. "Meneja," akaniambia, "huyu mpishi wako umemtoa wapi? Umemleta kutoka hotelini? Tunamtaka kwenye hafla ya kata."

Nikafungua mdomo. Nilikuwa nimeshamtunga huyo mpishi, niseme ni kijana wa Ujiji, ana haya, hapendi kutoka. Nilikuwa tayari kuongopa kwa ajili ya baba, na nilikuwa nafanya hivyo kwa moyo mweupe.

"Mpishi ndiye huyu," baba akasema.

Afisa elimu akanitazama, kisha akamgeukia baba.

"Hakuna meneja. Meneja nilimtunga mimi, na wengi wenu nimewaambia." Alikuwa anaongea na afisa elimu, lakini sauti ilikuwa ile ya darasani, ilifika hadi meza ya nyuma. "Niliona aibu. Binti hakukosea popote. Ni mpishi, na hiki mnachokula ni kazi yake."

Mzee wa Kibondo akasema, "Ego," ndiyo ya Kiha, akachukua kipande cha mwisho. Kaka yangu akaanza kucheka, na safari hii nilimsamehe. Mimi nililia, nikiwa bado nimepiga goti, mbele ya watu sitini, na sikujificha.

"Inuka," baba akasema. "Meza za nyuma hazijapata."

Nilirudi jikoni. Nilikuwa nimeshavaa aproni na kuweka vipande vya kwanza motoni nilipohisi mtu nyuma yangu. Baba alikuwa amesimama upande usio na ukuta, na suti yake na shada lake. Jikoni hakuwa ameingia tangu lijengwe, nadhani. Shangazi aliyekuwa kwenye kigoda alishika mdomo. Baba akatoa simu mfukoni, akaisogeza mbali na macho, akatafuta pale inapohesabu dakika.

"Umeanza saa ngapi hivi?"

"Sasa hivi, baba."

Akabonyeza. Akasimama pale kwenye moshi, anaitazama simu kama anasimamia mtihani. Mimi samaki wangu humsikiliza. Mafuta hubadilisha sauti wakati wake ukifika, na sijawahi kumruhusu mtu aniambie lini nigeuze. Pale hotelini niligombana na watu wawili kwa sababu hiyo tu.

"Geuza," baba akasema.

Ilikuwa bado kidogo. Nilisikia. Nikageuza.

Vipande vile ngozi haikushika vizuri, havikufaa kwenda kwa wageni. Tulivila wenyewe, mimi na baba, tumesimama kando ya jiko, tukivipuliza kwa sababu vilikuwa vya moto. Katikati ya kutafuna akaniuliza ninaamka saa ngapi kule kazini, na mpishi mkuu wangu ni mtu wa namna gani.